Sindimba ya dakika nane

Juni nilikuwa Dar es Salaam kwa shughuli za ualimu, nikaalikwa kwenye maonyesho ya kufunga mwaka ya wanafunzi wa sanaa za maonyesho wa chuo kikuu kimoja. Zilichezwa tamthilia mbili fupi, igizo moja lisilo na maneno, halafu ngoma. Walipotangaza sindimba, ngoma yetu Wamakonde, nikahama kiti, nikaenda kukaa mbele. Mtu wa Newala hawezi kuiangalia sindimba kutoka nyuma.

Vijana walicheza vizuri, nasema kwa moyo mweupe. Magoti yalikunjwa, nyayo zilishika sakafu ya mbao kama zimeshika vumbi, na binti aliyeongoza mstari alikuwa akisikilizana na mpigaji wake bila hata kumtazama. Dakika nane. Taa zikazimwa, tukapiga makofi. Nilikuwa nimerekodi yote kwenye simu.

Niliporudi nyumbani nikaenda kumwamkia mjomba, na baada ya chai nikampa simu aone. Mjomba amepiga ngoma tangu kabla sijazaliwa, na kwetu sisi Wamakonde mjomba akisema neno limeshasemwa. Hakuitazama ile picha. Aliisogeza simu sikioni, akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho.

"Watoto wanacheza," akasema. "Lakini ngoma zao zimelala, mpwa wangu. Hazijaota moto."

Kwa asiyejua, nieleze. Kabla ngoma haijaanza, pembeni ya uwanja huwashwa moto wa nyasi kavu, na ngoma huinamishwa kuuelekea. Ngozi ikipata joto inakaza. Mpigaji anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha motoni, anaigonga tena. Ile ndogo unaiangalia kwa jicho kali kwa sababu hupata joto haraka, ukizubaa ngozi imepasuka. Usiku ukizidi umande unashuka, ngozi inalegea, ngoma zinarudishwa motoni. Mpaka alfajiri zimeshakwenda na kurudi mara tatu, nne. Na hapo kwenye kurudi motoni ndipo wachezaji wanapopumua, wazee wanaposema yao, na mtu mwenye wimbo mpya anapoujaribu kwa sauti ya chini pamoja na wenzake wawili watatu. Nusu ya ngoma iko pale pembeni ya moto.

Ndani ya ukumbi huwezi kuwasha nyasi. Siwalaumu wale wanafunzi hata kidogo, kwa sababu mtu hawezi kufanya asichowahi kukiona. Ninachosema ni kwamba msimu wa maonyesho wa vyuo vyetu uje Kusini, huku kwetu Mtwara na Lindi, uje baada ya mavuno, na ukae.

Tazama kalenda. Masomo ya vyuo huisha katikati ya mwaka, na kati ya Julai na Septemba wanafunzi wanatawanyika kwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Sasa tazama ya huku. Miezi hiyo mvua imekatika, mahindi na mpunga vimeingia ndani, korosho bado hazijaanza kuanguka. Huo ndio wakati wa ngoma. Watoto wanaingia kumbini, kwenye jando na unyago, na kutoka (siku hizi likizo za shule nazo zina sauti kwenye kupanga), na kila ukipita barabara ya Tandahimba usiku unasikia mlio kutoka upande fulani. Oktoba minada ya korosho ikishaanza, utamkuta nani uwanjani? Watu wako shambani au wanasubiri zamu ghalani. Kalenda hizi mbili zinakutana zenyewe, na bado mwanafunzi wa ngoma anamalizia fildi yake kwenye ofisi ya mjini akipanga mafaili.

Wala si jambo geni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sanaa za maonyesho miaka ya 1960, na katika miaka ya 1980 walimu wake, akiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walitoka ukumbini wakaenda vijijini, Malya huko Mwanza na Msoga upande wa Bagamoyo. Walikaa na wanakijiji, wakasikiliza yanayowasumbua, na wanakijiji wenyewe wakayatengenezea maigizo na ngoma kwa sanaa walizokuwa nazo. Mwaka 1996 ukaja mradi wa Tuseme, wasichana wa sekondari wakapanda jukwaani kusema kinachowakwamisha shuleni. Kwa hiyo njia ilishafyekwa. Imeota majani tu.

Najua kuna hatari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya Mwalimu Nyerere kuunda wizara ya utamaduni na kuuliza ni wangapi kati yetu wamewahi kucheza ngoma kama gombesugu au lelemama, kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma, na sindimba ikapelekwa mbali. Ilipata jina. Lakini huko ilikokwenda ikabaki viuno. Wimbo ulibaki nyuma, na jando na unyago uliomfanya mtu acheze vile ukabaki nyuma. Mpaka leo nikisema sindimba mbele ya watu wasiotoka huku, kuna atakayecheka na kutikisa nyonga. Inaniuma kila mara.

Kwa mapiko, ngoma yetu ya vinyago, ndiyo kabisa inahitaji heshima. Kinyago chenye nywele za mtu zilizobandikwa kwa nta kinapotokea uwanjani, mwili wote umefunikwa nguo, watoto wanakimbia na akina mama wanaimba, na hakuna anayetaja jina la aliyemo ndani. Anavyovalishwa na mahali anapovalia si mambo ya kuwekewa taa. Mwanafunzi anayekuja huku akubali kuambiwa "hapa panatosha" na manyakanga na makungwi, walimu wa jando na unyago, na akubali kwamba kitabu chake cha utafiti kitakuwa na kurasa zisizoandikwa.

Na wazee walipwe. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma walikuja kwa mjomba vijana wanne wa chuo, sikitaji, wakakaa siku sita. Aliwafundisha mikono, akawachinjia kuku, wakarekodi kila kitu, wakaahidi kurudisha nakala ya video na picha ya pamoja. Hatujaona chochote. Mjomba hana kinyongo, ila kila mgeni akija kutoka Dar anamuuliza wale watoto wamefikia wapi. Mwalimu wa chuo akialikwa kufundisha siku sita analipwa posho na nauli, na jina lake linaandikwa kwenye ratiba. Mzee aliyefundisha ngoma yenyewe anaandikwa nyuma ya ripoti kama "mtoa taarifa". Aandikwe mwalimu, alipwe kama mwalimu.

Mahali pa kuonyeshea si tatizo. Tamasha la MaKuYa, lililobeba jina la Wamakonde, Wamakua na Wayao, lilishaonyesha kwamba vikundi vya vijijini vikiitwa Mtwara vinakuja na watu wanajaa. Mikindani kuna viwanja karibu na maji. Hapa Mtwara mjini tuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, na walimu wa Kiswahili wanaotoka huko watafundisha tamthilia darasani kwa miaka thelathini ijayo. Wakae uwanjani japo usiku mmoja kabla ya kushika chaki.

Na tamthilia zije pia, si ngoma peke yake. Ebrahim Hussein ni mzaliwa wa pwani hii ya Kusini, na Kinjeketile yake ya mwaka 1969 inahusu vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905 kwa kung'oa pamba kule Nandete, Kilwa. Wanafunzi wangu wanaisoma kwa ajili ya mtihani, wanakariri wahusika na dhamira. Natamani waione ikichezwa Nandete kwenyewe, mchana, watu wa Nandete wakiwa wamekaa chini ya miti na wana nafasi ya kusimama na kusema "hapana, bibi yetu hakutusimulia hivyo".

Mjomba nimeshamweleza wazo hili. Aliniongoza nyuma ya jiko, akanionyesha gogo alilolichonga tundu nusu, limefunikwa gunia. Ngozi ya mbuzi anayo, ameitundika juu ya moshi. Alikuwa amepanga kuiwamba wiki hiyo hiyo. Ameliacha, anasema wakija Julai walikute hivyo hivyo, wamalizie wao.