Kuruhusiwa mapema sawa, ila choo je?

Nimesoma makala inayosema Korona ilifanya waliobadilishiwa nyonga na magoti, yaani kuwekewa ya bandia, huko Marekani waruhusiwe kurudi nyumbani mapema, wengine siku ileile ya upasuaji. Sikatai. Mwaka 2020 upasuaji usio wa dharura uliahirishwa, na nani angetaka mzee akae wodini akiambukizwa? Ila mwendo huo ulishaanza kabla. Medicare, bima ya wazee wa kule, ilikubali kulipia goti bila kulazwa tangu 2018, na nyonga Januari 2020, Korona haijawafikia vizuri.

Sasa njooni Tanga. Bibi yangu wa Ngamiani alibadilishiwa nyonga Dar, akarudi na onyo: asichuchumae, asikae kiti kifupi, nyonga isije ikachomoka. Na choo chetu ni cha kuchuchumaa! Mjomba akatoboa kiti cha plastiki katikati, akakipiga msasa kingo zisimkwaruze, tukakitega juu ya tundu. Kitanda tukakiinua kwa matofali. Hayo yote tuliyafanya yeye akiwa bado kalazwa. Angetolewa siku ileile, angejisaidia wapi? Daktari anayeruhusu mapema aulize kwanza choo cha nyumbani kikoje, halafu ndio asaini karatasi.