Fursa zaja leo, zaondoka leo

Juzi nikiwa juu ya paa nageuza ndimu, simu ilitetemeka mara tatu mfululizo kwenye mfuko wa dera. Shoga yangu wa miaka mingi. "Upo? Kuna fursa. Nipigie." Kabla sijampigia nilishajua kuwa safari hii ni vanila, kwa sababu mtaa mzima ni vanila. Kabla ya vanila yalikuwa matikiti, kabla ya matikiti sungura, na kabla ya sungura walikuwa kware, ambao lazima niwasimulie kwa sababu walinila.

Mimi natengeneza achari hapa Ngamiani, Tanga. Ya embe, ya ndimu, na sasa nahangaika na ya mbilimbi. Vifaa vyangu ni mabeseni, chumvi, pilipili, vitunguu saumu, siki, na jua la Mungu ambalo halinitozi bili. Embe mbichi nachukua Mgandini msimu ukifika, kuanzia Novemba hadi Januari hivi, na hiyo miezi mitatu ndiyo inayoniwekea akiba ya mwaka. Ukiipoteza huna pa kuifidia.

Msimu mmoja, yapata miaka kumi iliyopita, niliupoteza wote kwa sababu ya ndege. Mnakumbuka ile homa ya kware? Yai dogo kama kokwa liliuzwa kwa bei ya kutisha, na ukiuliza kwa nini, unaambiwa linatibu presha, sukari, pumu, na mengine ambayo wanaume walikuwa wakiyauliza kwa sauti ya chini. Nikatoa laki nne. Nikaweka vizimba kwenye chumba nilichokuwa nahifadhi mabeseni. Asubuhi ambayo ningepanda paani kugeuza embe, nilikuwa nahesabu mayai. Jioni ambayo ningeshusha mabeseni kabla ya umande, nilikuwa kwenye simu natafuta wateja. Wateja wenyewe walikuwa watu wanaotaka kuanza kufuga kware! Hakuna aliyekuwa akila. Kila mmoja alikuwa anamuuzia anayeingia nyuma yake, mpaka siku ikafika nyuma hapana mtu. Embe zangu zikapata ukungu, na mwenye duka aliyekuwa akichukua chupa arobaini kwa mwezi akanirudishia zote bila hata kugomba. Afadhali angegomba.

Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu kwa wageni: waja leo, waondoka leo. Fursa nazo ni hivyo hivyo, ila zenyewe zikiondoka huondoka na mtaji.

Watu wanaotufundisha ujasiriamali hupenda kulaumu simu na uvivu. Sikatai kwamba simu ni mzigo. Lakini wavivu siwaoni sana mtaani kwangu. Ninaowaona ni watu wanaoamka saa kumi alfajiri na kukimbilia kila kinachopita. Na ubaya wa fursa ni kwamba inakuja imevaa nguo za ubunifu. Ukianza jambo jipya unajiona una akili inayochemka. Kwenye kware mimi nilijiona mbunifu hasa, na wakati huo nilikuwa nafanya kitu kilekile kilichofanywa na nyumba nne za barabara yetu.

Kitu ambacho nimekibuni kweli, na watu wakakilipia, ni kidogo mno hata kukisema naona haya. Ni nafasi ya vidole viwili juu ya chupa.

Achari ya Tanga husafiri. Mtu akija msibani au harusini, akiondoka hununua chupa tatu za zawadi, anazisokomeza kwenye begi, anakwenda stendi ya Kange kupanda basi la Dar au Arusha. Nikawa napokea malalamiko: mafuta yamevuja, kanga ya mama imeharibika, begi zima linanuka saumu. Kwa miaka nilijibu kwamba wafunge vizuri. Kisha masika moja, hakuna jua, hakuna embe, sina pa kukimbilia, nikakaa na chupa tupu mezani nikaanza kuzichunguza kama fundi saa. Nikazijaza, nikazilaza, nikazitikisa, nikaziweka juani zipate moto kama wa ndani ya buti la basi. Nilikuwa najaza mpaka shingoni, nikiona ni ukarimu. Joto likipanda, kilichomo kinatanuka, hakina pa kwenda ila nje. Nikapunguza vidole viwili, nikaweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko, nikaandika kwenye lebo "Inasafiri". Chupa ina achari pungufu na inauzika zaidi. Wateja wa stendi sasa wanaiita hivyo: nipe ile inayosafiri.

Ningekuwa na kware masika yale, nisingekaa na chupa. Ndiyo maana siamini kwamba umakini ni kitu kimoja na ubunifu ni kingine, eti mmoja unakubana na mwingine unakufungua. Kwangu mimi wazo halijawahi kuja nikiwa na pa kukimbilia. Huja nikiwa nimechoshwa na kitu hicho hicho kimoja kiasi cha kuanza kukiona upya.

Nilipomwambia haya shemeji yangu, alinicheka. "Wewe mtu wa Tanga ndiye wa kutuambia tushike kimoja? Mkoa mzima si ulishika mkonge? Mkaona nini?"

Hoja yake ina uzito na imenikesha. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo, mwaka 1964 nchi ilivuna zaidi ya tani 200,000, na Tanga ndiyo ilikuwa kitovu. Halafu zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na miaka ilivyokwenda tukashuka hadi karibu tani 20,000. Wazee waliofanya kazi kwenye korona, yaani viwanda vya kusindika mkonge, wapo bado, na wanakueleza mji ulivyonyamaza.

Lakini nadhani shemeji anasoma hadithi hiyo kinyume. Katika jani la mkonge, singa, yaani zile nyuzi, ni kama asilimia 4 ya uzito wake. Zilizobaki zilikuwa zikimwagwa na maji. Kwa miongo mingi tulisafirisha singa ghafi, na sehemu kubwa ya thamani ikaongezwa na wenzetu huko zilikofika. Kufanya hivyo sikuiti kushikilia kitu kimoja. Tulikishika kwa ncha za vidole. Waliokishika kwa kiganja ni wengine: watafiti wa Mlingano, kule Muheza, waliopandisha aina za mkonge mpaka wakapata chotara aliyepewa namba 11648 anayetoa majani mengi kuliko mkonge wa kawaida, na wale wa shamba la mkonge la Hale waliochukua yale mabaki ya kumwagwa wakayageuza gesi ya kuzalishia umeme. Jani ni lile lile.

Hata hivyo sitaki kujifanya mtakatifu. Kwenye friji yangu kuna barafu za ukwaju, na watoto wa shule hunigongea dirisha saa saba na nusu mchana. Zinalipa umeme. Ile methali ya mshika mbili hupenda kusemwa na wenye mshahara. Sisi wengine ukishika moja tu, mwezi wa nne unalala njaa. Kipimo changu ni kimoja: biashara ya pili ichukue mikono yangu, isichukue kichwa. Barafu naziganda huku nawaza mbilimbi. Kware walikuwa wananiamsha usiku.

Na nina daftari. Kila beseni lina tarehe yake, chumvi vijiko vingapi, siku ngapi za jua, upepo ulikuwa kaskazi au kusi. Nilikwenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakati nashughulikia mambo ya TBS, wale wa viwango vya ubora, na swali la kwanza nililoulizwa ni vipimo. Nilikuwa napima kwa jicho kama bibi. Bibi hakuwahi kuuza chupa inayotakiwa kufanana na chupa ya mwezi uliopita.

Mbilimbi zenyewe ni za mti wa jirani, zinadondoka zinaoza, watoto wanarushiana. Zina maji mengi mno. Ukizitia chumvi zinalegea, ukizianika kabla ya chumvi zinakuwa ngumu na nyeusi kama kucha. Nimeshamwaga mabeseni matano.

Shoga nilimpigia usiku. Alinieleza habari za vanila kwa dakika ishirini, bei ya kilo, ekari, mtu anayemjua Muheza. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamuuliza kama vanila inakubali siki.

"Siki, shoga? Wewe una wazimu." Baadaye alinitumia vikatuni vinne vya kucheka.

Nimeliandika swali hilo ukurasa wa nyuma wa daftari, chini ya hesabu za mbilimbi, beseni la sita.