Kijana wetu wa Langoni

Nimeisoma mpaka mwisho makala yenu ya kumbukumbu ya El Adde, kambi ya wanajeshi wa Kenya huko Somalia iliyoshambuliwa na al-Shabaab, machozi yakanitoka. Mmeeleza kambi ilivyovamiwa, gari lililojaa mabomu, na jeshi letu lilivyoingia Somalia Oktoba 2011. Sawa. Lakini mmoja wa waliouawa alfajiri ile ya Januari 15, 2016 alikuwa kijana wa mtaa wetu, Langoni hapa Amu (Lamu), na sisi tunamkumbuka kwa mengine.

Alikuwa na miaka 23. Kabla ya jeshi alikuwa baharia katika jahazi la mjomba wake. Likizo yake ya mwisho alivuka kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, na gunia la mchele begani, akalifikisha kwa bibi yake kabla hata hajaenda kwao. Mashindano ya majahazi hakuyakosa akiwa nyumbani, na wakishindwa alinuna siku mbili!

Kilichotuumiza zaidi ni kungoja. Sisi maiti huzikwa haraka, siku hiyohiyo ikiwezekana. Mamake alingoja wiki baada ya wiki majibu ya vinasaba, maana miili mingi haikutambulika kwa macho. Kanzu zake alizifua, akazianika, akazikunja, kisha akazifua tena. Na serikali wakati ule haikututajia hata idadi kamili ya waliokufa.

Ndugu mwandishi, safari nyingine waulizeni wazazi. Mama yuko. Baada ya alasiri hukaa barazani, na picha ya mwanawe akiwa na magwanda humwonyesha yeyote anayemuulizia.