Ngumi ya Mwenyekiti

Minnesota, hili jimbo la kaskazini mwa Marekani tunakoishi, ina zaidi ya kilomita 35,000 za njia za pikipiki za theluji, zile zenye skii mbele badala ya matairi, na katika zote hizo Mwenyekiti wa chama chetu cha sisi tuliohamia huku alikuwa anatafuta moja tu, ile isiyo na watu. Ile njia kuu ya North Shore, inayoanzia Duluth inapanda juu juu ya Ziwa Superior mpaka Grand Marais, kama kilomita 235 hivi, aliikataa hata kabla hatujakaa kwenye viti. Akasema pale Jumamosi hapapitiki, vijana wanapita na spidi ya kilomita 80 kwa saa ndo kikomo cha sheria na wengine hicho kikomo hawajawahi kukisikia, sisi ni watu wa chama tuna watoto na tuna mkopo wa mzunguko haujaisha, tutafute zile za ndani ndani, za kimya. Watu wakapiga makofi. Mi pia nilipiga, sikatai.

Sa kabla sijafika mbali niwaambie sheria moja ya huku maana bila hiyo hamtaelewa chochote. Minnesota, kama umezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1976, huruhusiwi kuendesha hii kitu mpaka uwe na cheti cha usalama. Unasoma kozi mtandaoni, unafanya mtihani, unalipia. Ukizaliwa kabla ya hapo unapanda tu unaondoka, wanachukulia we ni mtu mzima una akili zako. Bas sisi vijana wa chama tukakesha na kozi, dada mmoja ni nesi anafanya zamu za usiku alikuwa anasomea kwenye gari wakati wa break, shem wangu akafeli akarudia, mimi nikapita kwa tabu. Mwenyekiti ni wa 1974, hakusoma. Mama Mchungaji miaka yake hatuiulizi, hakusoma. Na Papaa wetu wa Bukavu karatasi zake za ukimbizi zinasema kazaliwa tarehe 1 Januari 1976, watu waliopitia kambini wengi wamezaliwa siku hiyo hiyo sijui kulikuwa na ofa, naye akasamehewa.

Na si mnajua kwetu, msafara ukiondoka nani anatangulia? Mkubwa anatangulia. Kwa hiyo wale waliosoma alama zote za barabarani wakakaa katikati, na mbele kabisa akakaa mtu ambaye hajasoma hata moja.

Tulipofika kukodi, mzee mwenye yadi alikuwa muongeaji kweli. Akatupigia historia ya kampuni mbili zinazotengeneza hizi mashine, kwamba Polaris ilianzia Roseau mwaka 1954 na Arctic Cat ilianzia Thief River Falls, vyote ni vimji vya huku huku Minnesota karibu na Kanada, na watu wa huku ukiwauliza we wa upande gani ni Simba na Yanga, ndoa zinavunjika. Akatufundisha haraka haraka: resi iko kidole gumba cha kulia unabonyeza, breki mkono wa kushoto, vishikio vya mikono vinapata joto la umeme msiogope, na hii kamba nyekundu jifungeni kwenye koti, ukianguka inachomoka na injini inazima yenyewe ili mashine isikuache. Akamaliza na maneno ambayo natamani asingeyasema: kama hamjui njia, kila mtu amfuate wa mbele yake. Halafu akatoa ramani ya karatasi, akachora na kalamu njia za klabu.

Hizo njia za klabu aisee ni kitu kingine. Wanaozitunza ni watu wa vijiji vya pale, wanajitolea, na kuna vipande vinapita kwenye mashamba ya watu kabisa kwa ruhusa ya mwenyewe. Usiku baridi ikishakaza wanatoka na trekta linakokota chuma kizito, kinakata mabonde, kinatandaza, kinashindilia, asubuhi theluji imegandamana imekuwa ngumu unaweza kutembea na viatu vya kanisani. Lakini ni pale pale iliposhindiliwa tu. Ukitoka pembeni hatua moja ni unga mtupu, unazama mpaka kiunoni. Hili mzee alilisema. Tulilisikia. Kulielewa ilikuwa bado.

Tukaondoka. Baridi ilikuwa chini ya sifuri nyuzi ishirini na kitu, mi nimevaa vitu mpaka mikono haishuki, Mama Mchungaji ndani ya helmeti kajifunga kanga. Tukaingia msituni, misonobari imebebeshwa theluji matawi yameinama, ile miti mingine yenye gome jeupe imesimama mpaka huoni mwisho, nyayo za sungura zimekata njia, na wale sungura wa huko wakati wa baridi wanageuka weupe kwa hiyo nyayo unaziona mwenye nyayo humuoni. Kuna mahali tukazima injini zote. Jamani kimya kile! Mi nimezaliwa Tanga mjini, nimekuja kukaa Minneapolis, sijawahi kusikia kimya namna ile, masikio yanaanza kutafuta kazi. Mwenyekiti akavua helmeti akatuangalia, macho yanasema sikuwaambia? Tukatoa chapati, zimeganda. Shem akaigonga moja kwenye skii ya mbele ikalia ngo ngo ngo. Chai ndo ilituokoa.

Shida ya Mama Mchungaji ilikuwa moja, picha. Akiona kitu anashuka. Akishuka ile kamba nyekundu iko kwenye koti, inachomoka, injini inazima, anapiga kelele imeharibika! Tunarudi wote, dada nesi anamrudishia kamba, inawaka, tunaenda, anaona ndege, anashuka. Hatukumaliza kilomita mbili bila hiyo ibada. Sasa sisi tunasimama tunamsubiri, ila Mwenyekiti mbele haangalii nyuma, kiongozi wa kweli haangalii nyuma, anakata tu msitu.

Ndipo tukapishana na kundi la kwanza la wazungu. Nieleze vizuri hapa. Njia hizi ni nyembamba na zina kona, kwa hiyo watu wakipishana wanaambiana kwa mkono wa kushoto wako wangapi nyuma. Wa kwanza anaonyesha vidole vitatu, maana yake wako watatu nyuma yangu, anayemfuata viwili, anayemfuata kimoja, na wa mwisho kabisa anaonyesha ngumi. Ngumi maana yake nyuma yangu hakuna mtu, njia nyeupe. Iko kwenye kozi, na swali lake nililipata.

Mwenyekiti akapishana nao. Wale wa vidole hakuwaelewa akaona ni salamu za kawaida. Wa mwisho, mzee mweupe ana ndevu zimeganda barafu, akamnyanyulia ngumi. Na Mwenyekiti wetu bwana mwaka 2020 aliandamana Minneapolis baada ya George Floyd, yule mtu mweusi, kuuawa na polisi, alitembea mpaka viatu vikaisha, ngumi ya juu kwake yeye ina maana moja tu, niko pamoja na watu weusi. Akaguswa. Baadae alituambia machozi yalimtoka yakaganda kwenye kope. Mzee wa watu katikati ya msitu, kilomita ngapi kutoka mjini, anamnyanyulia ngumi mtu mweusi! Akaapa moyoni kwamba mzungu anayefuata hatampita bila yeye kumtangulia kwa ngumi.

Sa mzungu anayefuata ndo huyo sasa. Mzee mwingine na mke wake, pikipiki mbili, wanakuja taratibu kulia kwao kama sheria inavyosema. Mwenyekiti yuko peke yake mbele, sisi bado tuko nyuma na kamba ya Mama Mchungaji. Mwenyekiti akasimama kabisa kwenye mashine, magoti yamenyooka, akanyanyua ngumi na mkono wote mpaka koti likapanda juu. Yani ngumi yenye hotuba ndani. Yule mzee akaelewa alivyofundishwa: huyu yuko peke yake, nyuma hakuna mtu. Akampungia, akajiachia, akahamia katikati ya njia.

Sisi tulikuwa tumeshaondoka tunakimbiza tumfikie Mwenyekiti, mi wa kwanza, Papaa nyuma yangu, shem, dada nesi. Kona ile naifungua hivi, mbele yangu taa! Katikati ya njia! Akili ikaniambia kulia, mkono ukaenda kulia, na mashine ikaenda kulia kweli, ikaruka ile kingo ikaingia kwenye unga, pfuuu, nikaona nyeupe tu. Nimebaki nimekaa kwenye siti, theluji iko kifuani, injini imekaba imezima. Nikasema alhamdulillah, nimepona, angalau ni mimi tu.

Si mimi tu. Papaa akaja akaingia hapo hapo nilipoingia, pembeni yangu, pfuuu. Shem akaingia, pfuuu. Dada nesi naye, pfuuu. Na yule mzee mzungu keshasimama zamani, njia iko wazi, wangeweza kupita kushoto kulia popote wanapotaka. Nikamuuliza Papaa huku natema theluji, Papaa wewe umefuata nini huku? Akanijibu amekasirika kabisa, "Mi nilikuwa nafwata weye! Si ule muzee alisema fwata mutu ya mbele?" Shem akasema alidhani tumepata njia ya mkato. Dada nesi hakusema kitu, alikuwa anatupima kwa macho nani ana damu.

Mashine pekee iliyobaki barabarani ni ya Mama Mchungaji, kwa sababu alikuwa ameshuka tena kupiga picha. Alikuja mwishoni kabisa, akatukuta vichwa vinne vya helmeti vimepangana juu ya theluji, akapiga picha.

Wale wazee Mungu awape maisha. Mzee akavua helmeti, akauliza mko salama, tukasema salama. Akauliza tena kwa upole ule wa Minnesota, samahani, yule mwenzenu wa mbele, ni mwenzenu? Nikatamani kusema hatumjui. Halafu akaanza kutufundisha kazi. Mashine moja ina zaidi ya kilo 200, huivuti kwa nguvu, unailaza ubavu, unajaza theluji kwenye shimo iliyojichimbia, unaikanyaga ikaze, unaisimamisha, mmoja anavuta skii za mbele na mwingine anabonyeza resi kidogo sana. Ukibonyeza nyingi inajichimbia upya, na shem alibonyeza nyingi. Kila ukipiga hatua unazama, ukizama unacheka, ukicheka unazama zaidi. Jasho lilinitoka kwenye baridi ya friza. Mke wake mzee akafungua boneti ya mashine yake, kumbe humo ndani kuna kisanduku cha chuma kimekaa juu ya bomba la moshi, wanapashia chakula humo wakitembea! Akatoa soseji zinafuka moshi, akaweka chapati zetu humo, zikarudi duniani. Mzee akasema tortilla zetu, ule mkate wa Meksiko unaofanana na chapati, nene ila tamu, hakuna aliyemsahihisha.

Tuko kwenye mashine ya tatu ndo tukasikia injini inarudi. Mwenyekiti. Alikuwa ameenda kilomita sijui ngapi akihubiria miti, mpaka aliposimama aseme kitu akakuta hana watu wa kuwaambia. Anakuja, anaona wazungu wawili wamesimama barabarani na sisi wote, uso ukafurahi mpaka tukauona ndani ya helmeti, akasimama kwenye mashine, akanyanyua ngumi.

Mzee mzungu akamgeukia mkewe akasema, "Ndo huyo."

Tulimweleza. Dada nesi ndo aliyepewa kazi kwa sababu amezoea kuwapa watu habari mbaya. Mwenyekiti akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hivyo yule mzee wa kwanza hakuwa ananisalimia?" Tukasema hapana Mwenyekiti, alikuwa anakuambia yeye ni wa mwisho. Akakaa kimya. Halafu, "Hata kidogo?" Papaa akamwonea huruma akasema labda kidogo.

Kikao kikafanyika pale pale, tumesimama, na azimio lilikuwa moja: Mwenyekiti arudi nyuma, dada nesi atangulie. Akidi ilikuwepo. Wale wazee wakajitolea kutusindikiza mpaka njia kuu.

Karibu na jioni mzee akanyanyua mkono wa kushoto juu, simama. Mbele yetu katikati ya njia kasimama muusi, yule mnyama mkubwa wa ukoo wa kulungu, mguu mmoja ni urefu wa mtoto wa shule, hana pembe maana hata madume huziangusha wakati wa baridi kwa hiyo baba au mama hatukujua. Mzee akatuambia tuzime injini na tusimsogelee, huyu akilaza masikio na manyoya ya mgongoni yakisimama ujue kakasirika. Hataki kutoka kwa sababu na yeye ana akili, kwenye unga anazama, njia imeshindiliwa vizuri, atoke aende wapi. Tukasubiri. Mama Mchungaji akashuka kupiga picha, kamba ikachomoka, kwa mara ya kwanza siku hiyo bila madhara. Muusi alipochoka kutuangalia akaingia msituni mwenyewe, akasimama kwenye miti anatuchungulia.

Tukawasha, tukapita mmoja mmoja. Mi nikageuka kumwangalia Mwenyekiti anapita yeye wa mwisho. Akampunguzia mwendo yule mnyama, akanyoosha magoti, akanyanyua ngumi.

Tulipofika kwenye maegesho Mama Mchungaji akamvaa, "Mwenyekiti jamani, hata mnyama?"

"Sasa Mama Mchungaji, si mimi nilikuwa wa mwisho? Nimemwambia ukweli. Huyo anaweza kurudi barabarani."