Fundi wa yadi si fundi wako

Ukirudi yadi na gari bovu ulilouziwa juzi, usitegemee kufukuzwa. Watu wengi wanajiandaa kwa ugomvi, wanaenda wamekunja sura, wamebeba na shemeji mwenye mwili, wanafika pale wanakutana na jamaa mpole balaa, anawapa viti, anatuma kijana alete maji ya baridi, afu anasema "pole sana dada'ngu, gari ni mashine bwana, we iache hapa fundi wangu aiangalie." Mnaondoka mmefurahi kwamba mwenye yadi muungwana. Mi nasema hapo ndo mmeshapigwa bao, tena na pasi mmetoa wenyewe.

Huyo fundi analipwa na nani? Kazi yake ni gari ipone au ni wewe utulie? Taa ikiwaka kwenye dashibodi anachomeka mashine anafuta kosa, taa inazima, unatoka Tanga mjini unapita Pongwe, unakaribia Muheza inawaka tena. Injini ikitoa moshi anamwaga oili nzito, mlio unatulia, moshi unapungua, unaamini imepona. Unarudi tena, "oh fundi kaenda Korogwe kwenye msiba, njoo Ijumaa." Ijumaa wanaswali, Jumamosi spea inatoka Dar na basi la usiku, Jumatatu simu inaita haipokelewi. Na huku kila mara kuna kitu kimefunguliwa kikafungwa, kwa hiyo siku ukija kupeleka fundi wa kwako akague anakwambia hii imeshachezewa, sijui nani kaharibu nini.

Kingine ambacho watu hawakijui ni muda wenyewe. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ya tangu enzi za Mwingereza lakini inatumika mpaka leo, na haikumtupa mnunuzi kama mabango ya madukani yanavyotutisha. Ukinunua kitu kwa mtu ambaye biashara yake ndo hiyo hiyo, kuna sharti la ubora linaingia kwenye mauziano yenu hata kama hakuna aliyelitamka, kwamba mali iwe inastahili kuitwa mali inayouzika. Kwa hiyo yadi haiko sawa na jirani yako anayeuza gari lake moja kwa sababu anajengea nyumba, yule yadi anabanwa zaidi. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kama uliikagua mali, kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona huwezi kuja kuilalamikia. Na inasema ukikaa na mali kwa muda unaotosha bila kumwambia muuzaji kwamba unaikataa, unahesabiwa umeipokea. Sasa rudi kwenye lile "njoo Ijumaa" ulisome upya. Kila Ijumaa inayopita nafasi ya kulirudisha gari inazidi kuyeyuka, unabaki na kudai fidia tu, na fidia ni safari ndefu.

Ndo maana nilipata hasira na hii ishu ya dada yangu. Yeye anachukua mboga Lushoto, kabichi, karoti, hoho, anakuja kuuza soko la Mgandini, akachoka kubanana na magari ya watu akanunua Toyota Spacio, namba D (yaani pleti ya herufi D), kwenye yadi moja hapa mjini Tanga ambayo sitaitaja. Gari inang'aa, viti safi, redio inapiga. Kwenye lami tambarare ya Segera mpaka Mombo haina shida hata kidogo. Ile kuanza kupanda mlima wa Mombo kwenda Lushoto, kilomita thelathini na kitu za kona na mwinuko, nyuma kukawa na moshi wa bluu mpaka bodaboda wanampigia honi. Kufika juu kuchomoa kijiti cha oili, kikavu.

Akanipigia, nikamwambia usilipeleke yadi, njoo nalo kwa mzee mmoja fundi kule Ngamiani. Mzee hata boneti hakufungua kwanza. Akamkalisha dada kwenye siti ya dereva akasema, "Mwanangu, washa switchi, usipige stata, afu niambie unaona nini." Taa ya betri imewaka, ya oili imewaka, ya breki imewaka. Ya injini hakuna. Na hiyo taa kwenye gari nzima lazima iwake pale switchi ikiwa oni, inajionyesha kwamba ipo, afu injini ikishawaka yenyewe inazimika. Mzee akacheka kidogo akachukua bisibisi, akafungua dashibodi, akatuonyesha pale nyuma balbu imechomolewa na tundu limezibwa na kipande cha tepu nyeusi, kimekatwa vizuri kabisa na mkasi. Alipochomeka kimashine chake kwenye ile soketi chini ya usukani makosa yakaja, likiwemo la sensa ya oksijeni. Na oili iliyokuwa imebaki, ilivyotoka ilikuwa nzito kama asali.

Injini yenyewe ni aina ya 1ZZ ya Toyota, na mafundi wote wanajua 1ZZ za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina ugonjwa wa kula oili, ringi za pistoni vitundu vya kurudishia oili vinaziba na masizi. Hiyo ni tabia ya injini na sina ugomvi nayo, gari lina miaka zaidi ya ishirini. Ukinunua mtumba utakuta bushi zimekufa, shokapu zinagonga, tairi kipara, chini kutu maana sisi wa pwani chumvi hatuna pa kuikimbilia. Hayo nunua ukijua, punguza bei, nenda. Mtu anayerudi yadi kulalamikia bushi namwona anamchosha tu mwenzie. Lakini ile tepu nyeusi haikuchakaa ikajibandika yenyewe. Kuna mtu alikaa akaona taa, akajua maana yake, akachagua kuificha badala ya kupunguza bei. Mi uchakavu nausamehe, kuficha sisamehi, na nadhani hata hakimu ataviangalia hivyo hivyo, maana huwezi kuniambia ukaguzi wa mama anayeuza kabichi ulipaswa kuona nyuma ya dashibodi.

Tukaenda yadi. Maji ya baridi yakaja. Dada akasema, "Kaka, gari lako linakunywa oili kuliko petroli na taa mmeing'oa." Jamaa hakushtuka hata. "Dada'ngu, kwanza lile gari sio langu. Lile la mteja, mi nilimsaidia tu kuuza, na hela yake kashachukua."

Hii ndo silaha yao kubwa na ndo naomba mtu aielewe kabla hajatoa hela. Yadi nyingi nusu ya magari yaliyopangwa pale si yao, ni ya watu wameacha yauzwe kwa kamisheni. Sio kosa, ni biashara. Ila siku ya kuuza wao ndo wenye mali, ofisi, kalenda, kalamu yenye jina la yadi, siku ya matatizo wanageuka madalali. Na ukiangalia kadi ya gari kweli ina jina la mtu wa tatu ambaye hujawahi kumwona, na mkataba wa mauziano aliouandaa wakili unasomeka kati yako na huyo mtu. Kwa hiyo swali la kuuliza siku ya kulipa sio "bei ya mwisho ngapi," ni "risiti ya EFD inatoka kwa jina la nani?" EFD ni ile mashine ya risiti za kodi, na TRA, mamlaka ya mapato, wanaimba kila siku ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, sisi tunadhani ni kwa ajili ya kodi ya serikali tu. Ile karatasi ndo inakutajia nani kakuuzia. Akikwambia risiti ina shida, mashine haina mtandao, basi na hela nayo haina mtandao, subirini wote.

Dada risiti hakupewa, lakini alilipa benki, milioni 9 kwenye akaunti ya yadi, na kwenye WhatsApp kuna meseji ya jamaa mwenyewe kaandika "gari yetu hii injini haijaguswa, namba D, chukua ukatengeneze pesa." Gari yetu. Nikaipigia skrini palepale. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 meseji kama hizo zinapokelewa mahakamani, kwa hiyo msifute chati mkikasirika, na matangazo ya Instagram nayo pigeni skrini mapema maana yakishanuka yanafutwa usiku.

(Na hiyo habari ya namba D, namba E, nani alitudanganya kwamba ni afya ya gari? Herufi inakwambia lini gari limesajiliwa hapa kwetu, basi. Haikwambii lilitembea kiasi gani Japani wala nani alilizamisha kwenye maji.)

Hatukuliacha gari kwa fundi wao. Tuliandika barua, ukurasa mmoja, haina matusi: tarehe ya kununua, namba ya gari na ya chesisi, kiasi kilicholipwa na kwenye akaunti gani, fundi kakuta nini na picha za tepu, tunataka nini, jibu tunalitaka lini, na sentensi moja kwamba mnunuzi analikataa gari katika hali hii. Nakala mbili, moja asaini kapokea. Akakataa kusaini kama nilivyotegemea, tukamtumia kwenye WhatsApp, tiki za bluu zikatokea. Kuanzia hapo ule upole ukapungua na mazungumzo yakaanza kuwa ya kweli, jambo ambalo mi nilifurahia.

Watu walitushauri polisi. Polisi mpeleke mtu mwenye kadi feki au chesisi iliyochongwa, hiyo jinai. Kwa injini inayokula oili watakwambia hayo ni madai, kayamalizeni. Kuna Tume ya Ushindani, FCC, ambayo sheria yake ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kuna mahakama. Sisi tulianzia ofisi ya serikali ya mtaa, na Tanga bado hili linafanya kazi, mwenye yadi anaswali msikiti uleule na nusu ya wateja wake, hapendi jina lake lizungumzwe kwenye kahawa. Mradi tu mnachokubaliana kiandikwe. Usuluhishi wa kushikana mikono na kusomeana dua bila karatasi mi siutambui.

Yaliyofikiwa ni kwamba yadi inalipia injini nyingine ya mtumba pamoja na kuifunga, kwa fundi tuliyemchagua sisi, yule mzee wa Ngamiani. Mi nilitaka gari lirudi na hela zirudi, nilisema pale mbele ya mwenyekiti, lakini dada akasema hana miezi ya kukaa bila kwenda Lushoto, na gari ni lake. Wakati tunataka kusaini mzee fundi ndo akakumbusha kwamba injini ikibadilishwa namba yake haitafanana na ya kwenye kadi, inabidi TRA warekebishe taarifa, na hiyo gharama nani anaibeba? Jamaa akasema hilo la mnunuzi. Tukabishana tena karibu nusu saa kwa kitu kidogo hicho, mwisho ukaongezwa mstari kwa kalamu chini ya karatasi, wote wakasaini pembeni yake, na jamaa akalipa.