Insha moja, iandikwe mara mbili

Nafundisha stadi za mawasiliano kwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Mbeya, na kila muhula nakutana na sentensi ileile: kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu. Huja kwa Kiingereza, maana ndicho tunachoandikia, lakini ni ileile. Mpe mwanafunzi mada ya usafiri wa bodaboda, atapindapinda mpaka afike kwenye uti wa mgongo.

Wenzangu wanalaumu Kiingereza. Kinasumbua kweli: mtoto kasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza akakuta masomo karibu yote yamegeuka, na tangu hapo amenakili ubaoni kuliko alivyotunga. Ila niliwahi kuwaambia waandike kwa Kiswahili, palepale darasani, na uti wa mgongo ukaja vilevile. Miaka yote hiyo wamezoea kuulizwa walichokariri. Walichokiona kwa macho yao, nani aliwauliza?

Kuna binti wa Rungwe aliyeniletea insha ya kilimo iliyojaa "changamoto mbalimbali". Sikuisahihisha. Nilipigia mstari hayo maneno mawili, nikaandika pembeni: zipi? Akaja ofisini kanuna. Nikamuuliza kwao wanalima nini. Viazi. Vinauzwaje? Hapo ndipo aliposimulia: dalali anakuja na magunia yake, linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu yake kinaongezwa kipande kingine, kinashonwa kwa kamba na kujazwa tena. Lumbesa. Bei inabaki ya gunia moja. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na mama yake anaijua, lakini mwenye gari ni dalali, na viazi vikishachimbwa havisubiri. Nikamwambia, basi mwanangu, kaandike hayo.

Rasimu ya pili ilikuwa na makosa ya sarufi mengi kuliko ya kwanza. Lazima iwe hivyo, kwa sababu aliziacha sentensi za kukariri akaanza kuunda zake. Mwalimu anayehesabu makosa angemshusha alama, na muhula unaofuata angerudi zake kwenye uti wa mgongo. Mimi niliisoma mara mbili, kitu ambacho kwa insha za mwaka wa kwanza sikifanyi mara nyingi.

Kwa hiyo hoja yangu ni kupunguza idadi ya insha na kuongeza kuandika upya. Badala ya insha nne ambazo mwanafunzi huziona tena zikiwa na namba nyekundu tu, ziwe mbili, kila moja irudi kwake na swali kabla ya kupewa alama.

Najua jibu mtakalonipa: madarasa yamefurika, wengine wanasikilizia dirishani. Sawa. Rasimu ya kwanza soma aya moja tu, uliza swali moja, pita. Yanayobaki wafanye wenyewe wawiliwawili, kila mmoja amsomee mwenzake kwa sauti. Sentensi iliyovunjika huonekana nzima kwenye karatasi, lakini mdomo ukifika hapo unakwama. Kazi za kundi kwenye somo la uandishi ningezifuta kabisa. Anaandika mmoja, wengine wanachangia namba za usajili.

Na steshenari? Zipo ambazo ukipeleka kazi kuchapa unauziwa ya mwaka jana ikiwa tayari kwenye flashi, na siku hizi akili mnemba inakumalizia kila kitu bure. Mwenye njia hizo hatutamkamata kwa kumtishia. Lakini akiulizwa "zipi?" halafu akatakiwa kujibu kwa mambo ya kijijini kwao, mwenye steshenari hana pa kunakili.

Alama nazo zigawanywe upya, theluthi kwa rasimu ya kwanza, theluthi mbili kwa ya pili. Atakayerudisha kazi ileile akiwa amerekebisha koma tu, hizo theluthi mbili asizione.