Thor ya 2011: nyundo ni geresha tu, stori iko kwa mzee na wanawe

Trela ya Thor ilipotoka mi nilicheka tu kiukweli. Jamaa ana nywele za dhahabu, joho jekundu, kashika nyundo, anaongea kama yuko jukwaani, halafu kuna daraja la rangi za upinde wa mvua. Iron Man alikubalika kirahisi, yule ni tajiri fundi katengeneza vazi la chuma, ila mungu wa radi ashukie jangwani New Mexico? Wapi!

Kilichoiokoa ni mwongozaji. Kenneth Branagh ni mtu wa Shakespeare, kafanya Henry V 1989 na Hamlet 1996, kwa hiyo ugomvi wa kugombea kiti cha mfalme anaujua nje ndani. Cheki pale Loki, mdogo wake Thor, anashika lile kasha la barafu mkono unageuka bluu, anamuuliza Odin, mfalme na baba yao, mimi ni nani, mzee anakiri alimwokota akiwa kichanga baada ya vita na majitu ya barafu, dogo anazidi kupandisha sauti mpaka mzee anadondoka kwenye ngazi, na huyohuyo aliyekuwa anafoka sasa hivi anamgusa mkono taratibu kisha anaita walinzi. Tom Hiddleston alienda kwenye usaili akitaka kuwa Thor, wakampa Loki, na hiyo ndo bahati kubwa kuliko zote muvi hii iliyopata.

Wanaolalamika kwamba asili imechakachuliwa wana hoja. Kwenye mashairi ya kale ya Iceland Loki sio mtoto wa kulea wa Odin, ni ndugu yake wa kuchanjiana damu, na Thor wa simulizi zile ana ndevu nyekundu. Lakini huyohuyo Thor wa zamani kuna siku alivalishwa kama bibi harusi ili akairudishe nyundo yake iliyoibwa, sasa anayesema vichekesho vimemvunjia heshima sijui anamtetea Thor yupi. Na wale waliokasirika Idris Elba, mwigizaji mweusi, kuwa Heimdall mlinzi wa daraja, yaani daraja la upinde wa mvua mmelikubali, rangi ya mlinzi wake ndo ikawashinda?

Upande wa mapenzi hapo siitetei. Natalie Portman katoka kuchukua Oscar mwaka huohuo, huku kapewa kazi ya kumkodolea macho stelingi, siku mbili tatu tu washapendana. Hata ile kiburi ya Thor inaisha haraka mno, ingawa pale kwenye tope na mvua, anaivuta nyundo haitoki, anapiga magoti, niliamini. Kamera kulazwa upande kila saa inachosha, na lile pambano na jitu la chuma kwenye kamji kenye mtaa mmoja limepoa.

Iligharimu kama dola milioni 150, ikaingiza karibu 449, so kibiashara hakuna ubishi. Ila mimi ninachoikumbukia ni pale mwisho, Odin kamshika Thor, Thor kashika mkuki, Loki kaning'inia upande wa pili juu ya shimo, anamwambia baba ningeweza, nilifanya kwa ajili yako. Mzee anajibu hapana, kwa upole kabisa, ambao nahisi ni mbaya kuliko angemtukana. Dogo anaachia mkuki.